Kwanza Ielee Yenyewe: Nilivyoitia Mota na Rimoti Ndege ya Povu ya Watoto

Ndege yenyewe unaijua. Ni ile ya povu jepesi, yenye bawa la sentimita 48 kutoka ncha hadi ncha, inayouzwa kwenye mfuko wa nailoni ikiwa vipande vipande. Mtoto anaichomeka mwenyewe bila gundi, kisha anaitupa. Niliinunua Kariakoo nikamletea mpwa wangu hapa Bagamoyo, mwaka alioingia darasa la tano. Jioni ile tuliirusha kwenye kiwanja cha mpira mpaka giza likaingia. Ilikuwa inapanda kidogo, inatulia, halafu inaelea moja kwa moja hadi karibu na goli na kulalia nyasi kwa tumbo. Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, tukiitia mota si itarudi yenyewe?"

Swali hilo limenichukua miaka miwili na ndege tatu. Naandika kwa ajili ya yeyote aliyekwisha kuulizwa na mtoto swali kama lile, au aliyejiuliza mwenyewe. Jibu ni ndiyo, itarudi. Lakini njia niliyoanza nayo mimi ndiyo wengi wataanza nayo, na haifiki popote.

Nilikwenda kwenye duka la vifaa vya elektroniki, mojawapo ya yale yanayowauzia wanafunzi wa vyuo vifaa vya miradi yao. Kwenye maduka hayo utakuta mota aina ya A2212, kidhibiti mota cha ampea 30, ambacho muuzaji atakiita ESC, na zile sevo ndogo za buluu za SG90, yaani vimota vyenye mkono vinavyosogeza vipande vya mkia ukiamuru kwa rimoti. Ni vifaa vizuri. Vinafaa droni ya mapangaboi manne au ndege yenye bawa la mita moja hivi. Nikavinunua, nikaongeza betri ya lipo (aina ya lithiamu) ya seli tatu, nikavibandika vyote kwenye ile ndege ya sentimita 48. Sikupima hata kimoja.

Nilipoitupa ilikwenda hatua nne ikaangukia pua. Nikairudia kwa nguvu zaidi za mota. Safari hii ilichomoka kama imefukuzwa, ikajilaza ubavu, ikapiga ardhi na bawa la kushoto likakatika. Mpwa wangu aliokota vipande bila kusema neno. Ukimya ule uliniuma kuliko hasara.

Usiku nikaazima mizani ya jikoni ya dijitali. Ndege tupu, kama ilivyotoka kwenye mfuko: gramu 46. Mota peke yake: 50. Betri: 85. Kidhibiti mota 24, sevo mbili 18, risiva, kile kinachopokea amri za rimoti, 15. Nilikuwa nimemtwisha mtoto wa gramu 46 mzigo wa gramu 192, nikategemea apae.

Hapa kuna hesabu moja inayofaa kukaa kichwani kabla hujagusa wembe. Nguvu ya bawa kunyanyua haiongezeki sawa kwa sawa na mwendo. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya kunyanyua inazidi mara nne. Igeuze upande wa pili: uzito ukizidi mara nne, ndege inadai mwendo mara mbili ili tu isianguke. Yangu ilikuwa imezidi mara tano. Ile ndege tuliyoifurahia jioni ya kwanza, iliyokuwa ikielea kwa mwendo wa mtu anayekimbia polepole, sasa ilihitaji kuruka kwa kasi ambayo mikono yangu, isiyowahi kushika rimoti, isingeweza kuifuata hata kidogo.

Jambo la kushika ni hili. Ndege ya povu uliyoinunua tayari inajua kuruka. Kazi yako siyo kuifundisha, bali ni kutoinyang'anya kile inachokijua. Kila gramu unayoongeza inakichukua kidogo, na kila gramu unayoiweka mahali pasipofaa inakichukua zaidi.

Ndugu wawili Wright, Wilbur na Orville, walikwenda hivyo hivyo. Watu wanakumbuka tarehe 17 Desemba 1903, siku ndege yao yenye injini iliporuka sekunde 12 na kwenda kama mita 37. Wachache wanakumbuka kwamba 1900, 1901 na 1902 walikuwa kwenye michanga ya North Carolina, Marekani, na ndege zisizo na injini, na kwamba ile ya 1902 waliielesha mamia ya mara mpaka wakajua kuigeuza, kuinua pua yake na kuishusha. Injini ilikuja mwisho, juu ya kitu ambacho tayari kilikuwa kinawatii.

Unga wa ngano kabla ya mota

Ndege ya pili nilianza upande wa pili. Kabla ya kununua kifaa chochote niliandika orodha ya vifaa vidogo ninavyovitaka na uzito wa kila kimoja kama wauzaji wanavyouandika kwenye tovuti zao. Kisha nikakanda unga wa ngano na maji kidogo, mgumu kama wa chapati, nikakata madonge na kuyapima mpaka kila donge likawa na uzito wa kifaa chake: donge la betri, donge la mota, donge la sevo. Nikayafunga kwenye nailoni na kuyabandika kwa selotepu pale pale vifaa vingekaa. Nikaenda kiwanjani kuitupa.

Nakusihi usiiruke hatua hii. Gharama yake ni kikombe cha unga. Itakuambia kwa dakika kumi kama mpango wako unaruka au hauruki, wakati fedha zako bado ziko mfukoni.

Siku ile ndege iliinua pua, ikasita hewani, ikashuka, ikainua tena, ikasita tena, mpaka ikaanguka. Mzee mmoja mvuvi alikuwa amekaa kwenye kivuli cha mkungu akitutazama. Nilipompa shikamoo akaitikia, akasema, "Mwanangu, umepakia tezi. Sogeza shehena omoni." Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele. Hakuwa amewahi kushika ndege ya aina yoyote, lakini amepakia mashua miaka arobaini, na alichokiona ndicho kilichokuwepo. Nikasogeza donge la betri mbele kwa upana wa vidole viwili. Ikaelea.

Sehemu unayoitafuta, pale ndege inaposawazika, inaitwa kitovu cha uzito. Kwa ndege ya umbo hili huwa kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele kwenda nyuma. Bawa langu lina upana wa sentimita 12 karibu na mwili, nami nimetulia kwenye sentimita 3.5. Weka alama ya kalamu chini ya mabawa yote mawili, kila upande umbali ule ule kutoka ukingo wa mbele, kisha iinue ndege kwa ncha za vidole viwili kwenye alama hizo. Ikilala sawa, au pua ikiinama kidogo sana, uko tayari. Mkia ukishuka, usirushe.

Ukiitupa, isome. Ikifanya kama ile yangu, inapanda na kusita na kushuka kama mashua kwenye mawimbi, imelemea nyuma. Ikipiga mbizi moja kwa moja, imelemea mbele. Ikivuta upande mmoja kila mara, angalia kama bawa moja limepinda kuliko jingine, kwa sababu haya mabawa hukaa kwenye mifuko wakati wa kusafirishwa na mengi hufika yamejikunja. Yanyooshe kwa mkono baada ya kuyapitishia mvuke wa birika. Tupa kwa usawa, mkono ukiendelea mbele kama unaisindikiza, siyo kwa kuilenga mbinguni. Kutoka usawa wa bega, ndege iliyobeba unga wake wote ilinipa hatua kumi na mbili. Zilinitosha.

Orodha yangu ya mwisho ilikuwa hivi: sevo mbili za gramu 3.7 kila moja, mota ndogo isiyo na brashi aina ya 1306 ya gramu 11, kidhibiti mota cha ampea 10 chenye gramu 8, risiva iliyovuliwa ganda lake la plastiki gramu 7, betri ya lipo ya seli mbili yenye ujazo wa 300 mAh (miliampea-saa) gramu 20, pangaboi la inchi 5 gramu 3, na gundi, waya na vijiti gramu 9. Jumla gramu 66 hivi. Ndege nzima ikawa na gramu 112, chini ya nusu ya ile ya kwanza.

Vifaa hivi vidogo sikuvipata madukani kwetu, niliviagiza nje na kuvisubiri wiki kadhaa. Betri ndiyo ngumu zaidi kuagiza, kwa kuwa betri za lithiamu huhesabiwa kuwa mizigo ya hatari kwenye ndege na wauzaji wengi hawazitumi kwa posta. Itafute kwanza, kabla ya kitu kingine. Na kama kilichopo mjini kwako ni A2212 na SG90 tu, basi tafuta ndege kubwa zaidi inayolingana navyo, ile ya bawa linalokaribia mita moja. Usilazimishe.

Kukata na kubandika

Kwanza jua povu lako. La hizi ndege huwa ni lile linalobonyea na kurudi, ambalo ukilikunja kidogo halikatiki. Hilo linavumilia gundi ya moto na hata supagluu. Povu jeupe la maboksi ya samaki, lile linalomeguka punje punje, linayeyuka likiguswa na supagluu. Jaribu kwenye kipande kisichoonekana. Uzuri mwingine wa hili povu la kubonyea: pua ikipondeka, imwagie maji ya moto. Linavimba na kurudi karibu na umbo lake. Mimi nimefufua pua moja mara sita.

Ndege inaongozwa na vipande viwili tu vya mkia. Cha wima ni usukani, kinapeleka pua kushoto na kulia. Cha kulala nakiita kiinuzi, kinainua pua na kuishusha. Mabawa hayahitaji kukatwa, mradi yawe yameinuka kidogo kwenye ncha kama herufi V iliyofunguliwa sana. Mwinuko huo ndio unaofanya usukani peke yake utoshe: usukani ukiipindisha pua, bawa la upande wa nje linanyanyuka, ndege inajilaza na kugeuka. Kama mabawa yako ni bapa kabisa, yainue sentimita mbili au tatu kila ncha wakati wa kuyagundisha.

Kwenye ndege yangu mkia ulikuwa na matundu mawili ya kuchomeka, moja la kuruka moja kwa moja na jingine la kupiga duara. Gundisha kwenye lile la kuruka moja kwa moja. Kata usukani na kiinuzi kwa wembe mpya, ukiacha kama theluthi ya nyuma ndiyo itakayocheza. Chonga ukingo mmoja kwa mshazari ili kipande kipate nafasi ya kushuka, halafu kirudishe kwa selotepu upande mmoja. Selotepu hiyo ndiyo bawaba. Ukiisugua vizuri kwa kucha, inadumu.

Sasa mahali pa sevo. Utatamani kuziweka mkiani, karibu na kazi yake, kwa sababu waya unakuwa mfupi. Usifanye hivyo. Kutoka kitovu cha uzito hadi mkiani kwangu ni sentimita 30, na hadi puani ni 10. Kila gramu moja ya mkiani inadai gramu tatu za puani kuisawazisha. Sevo mbili mkiani, gramu 7 na kitu, zingenidai zaidi ya gramu 22 za mzigo usio na kazi yoyote puani. Zizamishe kwenye mwili chini ya bawa, kwenye mashimo uliyoyachonga yazibane bila gundi nyingi, na upeleke mwendo nyuma kwa vijiti.

Vijiti vyangu ni vya mishikaki, vya mianzi, vile vya kuchomea nyama. Ni vyepesi na havipindi kirahisi. Kila ncha nimefunga kipande cha klipu ya karatasi iliyonyooshwa, kwa uzi na tone la supagluu. Ncha moja inaingia kwenye mkono wa sevo, nyingine kwenye kipembe kilichogundishwa kwenye usukani au kiinuzi. Vipembe nilikata kutoka kwenye kadi ya benki iliyokwisha muda wake. Kijiti kirefu hujikunja katikati kinaposukuma, kwa hiyo kipitishe kwenye vipande viwili vya mrija wa soda vilivyogundishwa ubavuni mwa ndege. Kijiti kingine cha mshikaki nilikizamisha chini ya bawa, kutoka upande hadi upande, kwenye mfereji mwembamba wa wembe. Bila hicho, bawa lenye mzigo linakunjika juu kila ukivuta rimoti.

Kabla ya kufunga mkono wowote wa sevo, washa rimoti na risiva uache sevo ziende katikati zenyewe. Ndipo ufunge mkono ukiwa wima. Nilipofunga kwanza na kuwasha baadaye, kiinuzi kilipanda nusu ya njia na hakuna kitufe cha rimoti kilichoweza kukirudisha.

Mota niliiweka puani, kwa sababu ndiko ulikohitajika uzito. Kata pua ibaki uso bapa, gundisha kibao chembamba cha plaiwudi, na mota ikae juu yake ikitazama kidogo chini na kidogo kulia, kama nyuzi mbili au tatu. Ukiiacha inatazama mbele kabisa, ndege itainua pua kila unapoongeza nguvu na kuvuta kushoto. Mota yangu imeandikwa KV 3100, maana yake inazunguka mara 3,100 kwa dakika kwa kila volti ikiwa haina mzigo. Kwenye volti 7.4 za betri ya seli mbili ni karibu mizunguko 23,000. Kwa kasi hiyo, pangaboi la plastiki la inchi 5 linakata kidole. Usifanye majaribio ya mezani likiwa limefungwa, isipokuwa lile moja la kupima nguvu nitakalolieleza sasa hivi. Lifunge ukiwa kiwanjani, mwisho kabisa, na mtoto asiwe mbele yake wala pembeni yake.

Nguvu ya mota niliipima kwa mizani ile ile ya jikoni. Nilifunga mota na pangaboi lake juu ya chupa iliyojazwa mchanga, ikisukuma chupa chini, nikairudisha mizani kwenye sifuri kisha nikaongeza mwendo polepole. Ilionyesha gramu 140. Ndege ina gramu 112. Mvuto wa mota unaofikia nusu ya uzito wa ndege unatosha kuipandisha taratibu, kwa hiyo nilikuwa na ziada kubwa, na mara nyingi naruka rimoti ikiwa nusu tu.

Kulehemu nilimwachia fundi redio wa mtaani kwetu. Kama hujawahi kulehemu, fanya hivyo hivyo, lakini mwambie waya mwekundu na mweusi wa betri visigusane hata mara moja, na betri isichomekwe wakati anafanya kazi.

Betri

Hapa sina maneno mengi ila nina msisitizo. Seli moja ya lipo ikijaa ina volti 4.2, na hapo ndipo mwisho. Usiishushe chini ya 3.5 ikiwa imepumzika. Tumia chaja inayosawazisha seli, uichaji kwa kiwango kinacholingana na ukubwa wake: betri ya 300 mAh inachajiwa kwa ampea 0.3. Ichaji juu ya vigae au ndani ya chungu, ukiwa macho, mbali na godoro na pazia. Ikivimba, ndiyo mwisho wake. Na usiiache ndani ya gari au juani kwa joto hili la pwani. Moto wa lipo hauzimiki kirahisi, na watoto wetu wanalala nyumba hizo hizo tunazochajia.

Ndege yangu inatumia kama ampea 3 kwa wastani, hivyo chaji inanipa karibu dakika tano nikiacha akiba. Nimeweka saa ya simu ilie dakika ya nne.

Upepo, mahali na kibali

Huku pwani ruka asubuhi na mapema. Kuanzia saa moja hadi saa mbili na nusu asubuhi hewa bado imelala, upepo wa bahari haujaamka. Kufika saa tano umekwisha kuingia, na ndege ya gramu 112 inarudishwa nyuma ikitazama mbele. Miezi ya kusi ndiyo migumu kuliko yote, kuna wiki nzima hatukurusha kabisa. Mchanga wa ufukweni maji yakipwa ni mpana na unavutia, lakini punje zinaingia kwenye mota na kuila. Nyasi ni bora, na ziwe ndefu kidogo.

Kaa mbali na viwanja vya ndege, barabara, nyaya za umeme na watu waliokusanyika. Tena ulizia sheria kabla ya kuruka, usiridhike na maneno ya mtaani kwamba kitu hiki ni toi tu. Tanzania ina kanuni za vyombo vinavyorushwa bila rubani ndani yake, zilizo chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Kwa ndugu wa Kenya ni KCAA. Waeleze uzito wa ndege yako na mahali unapotaka kuirusha, upate jibu lao wenyewe.

Safari ya kwanza

Washa rimoti kwanza, betri ya ndege baadaye. Ukimaliza, chomoa betri ya ndege kwanza, rimoti mwisho. Simama nyuma ya mkia na ujaribu: ukivuta kijiti cha rimoti kuja kwako, ukingo wa kiinuzi upande juu. Ukipeleka kulia, usukani uende kulia. Sema kwa sauti, mtu mwingine aangalie. Ndege nyingi za mara ya kwanza hufa kwa sababu kitu kimoja kilikuwa kinyume na hakuna aliyekitazama. Punguza mwendo wa vipande: kiinuzi kicheze milimita 5 juu na 5 chini, usukani 10 kila upande. Kisha zima rimoti huku umeishika ndege imara, mbali na uso, uhakikishe mota inasimama yenyewe. Isiposimama, rekebisha mipangilio ya risiva kabla hujafanya jambo lolote jingine.

Halafu itupe bila mota. Ndiyo, tena, safari hii na vifaa vyote halisi mahali pa unga. Mara tano, mara kumi, mpaka imeelea sawasawa na umeigusa kidogo kwa rimoti ikakuitikia. Asubuhi yetu ya kwanza hatukuwasha mota kabisa. Mpwa wangu alilalamika, nami nilitamani kama yeye, lakini tulirudi nyumbani na ndege nzima.

Kesho yake niliiwasha theluthi mbili, nikaitupa dhidi ya upepo mdogo uliokuwepo, na mkono uliotupa ukarudi kwenye rimoti. Iache ipande. Usigeuze chini ya urefu wa mnazi. Ukigeuza, gusa usukani kisha uachie, gusa kisha uachie, na uvute kiinuzi kidogo sana, kwani ndege inayojilaza hushuka. Ikija kwako, kulia na kushoto vinabadilishana machoni pako. Hilo ndilo lililonichanganya kuliko yote. Mpwa wangu aligundua dawa: sukuma kijiti upande ambao bawa limeshuka, kana kwamba unaliwekea mkono chini liinuke. Ukipotea kabisa, funga mota, achia vijiti vyote. Kama uliifanya kazi ya unga vizuri, ndege itajinyoosha na kuelea yenyewe, kama ilivyokuwa ikielea siku ilipotoka kwenye mfuko. Yangu ilifanya hivyo safari ya tatu, ikashuka upande wa pili wa kiwanja bila mimi kuigusa.

Kutua kusikufanye uwe na wasiwasi. Zima mota ikiwa juu ya kiwanja, pua ielekee upepo, iache ishuke, na ikifika usawa wa goti vuta kiinuzi kidogo. Tumbo linagusa nyasi. Ukifika nyumbani, kama hutaruka kesho, rudisha betri kwenye volti 3.8 kwa kila seli ndipo uihifadhi.

Sasa mpwa wangu anairusha bila mimi kusimama naye. Wiki iliyopita alikuja na taa ndogo za rangi alizozitoa kwenye kiatu cha zamani, anataka zikae chini ya mabawa. Nilifungua mdomo kumuuliza zina gramu ngapi, lakini alikuwa amekwisha kuingia jikoni kuchukua unga.